Mbinu Yangu Inaitwa Jina Lako

Mwakio, rafiki,

Ni mimi Mwadime. Kuandika sijui sana, niliishia darasa la tatu, wewe unajua. Lakini haya maneno siwezi kuambia mtu hapa Mwatate, nitaonekana mbaya.

Bado tunacheza Askari na Jangili kule kwa makonge, Jumapili tukitoka kanisani. Kopo bado ndio ndovu. Askari akikuona anaita jina lako na mstari uliko, umekufa. Akiita vibaya, yeye ndio amekufa. Jangili akigusa kopo, ndovu imeanguka. Na siku hizi wale wadogo wakivuka mistari kwa ile mbinu wanaambiana, "Piga Mwakio! Piga Mwakio!"

Hiyo ndio inaniuma.

Kwa sababu hiyo mbinu ni yangu. Mimi ndio nilimwangalia nyapara akitukagua kazi. Makonge imepandwa mistari: ukisimama katikati unaona mpaka mwisho, ukisogea hatua moja, huoni kitu. Kwa hivyo usikimbie. Ngoja askari apeleke macho mstari mwingine, halafu vuka ule ametoka kuangalia. Nilikuambia wewe peke yako, tukikata mkonge, kwa sababu mbele ya watu mimi naogopa.

Jumapili iliyofuata ukaifanya. Na askari nilikuwa mimi! Ukagusa kopo nyuma ya mgongo wangu, watu wakakubeba juu. Saru, yule msichana tunacheza naye, akauliza, "Wee Mwakio, nani alikufunza?" Ukaniangalia. Ukasema, "Ni macho tu." Halafu ukaongeza, "Si kama huyu Mwadime, akijificha hata kuku wanamwona." Wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Nilingoja useme. Homa ikakushika, siku nne tu, ukaenda hujasema. Kwa mazishi mjomba wako akasimama akasimulia hiyo ya kopo. Watu wakalia. Mimi pia nililia, lakini nusu ilikuwa hasira. Nisamehe. Hapana, ngoja kwanza, usinisamehe bado.

Juzi nilivuka vizuri kabisa, nikagusa kopo. Saru akapiga makofi: "Eh! Ni kama Mwakio!" Kama wewe. Na kitu ni changu.

Sasa sikia. Iko ya pili. Hii sikukuambia. Unavua shati, unauvisha mkonge, unalala chini unatambaa mstari mwingine. Askari anaona shati, anaita jina, amekufa. Nilikuwa nakuwekea wewe, siku yako ya kuwa askari. Nilitaka uite "Mwadime!" kwa nguvu, Saru akisikia, halafu mimi nitokee huko kwa kopo. Uone vile inauma.

Hawa wengine nikiwashinda, sisikii utamu.

Basi Jumapili nitamfunza Righa, ndugu yako mdogo. Nitasimama mbele ya wote, niseme kwa sauti, hata kama naogopa watu. Hii wataiita Mwadime. Ile ingine kaa nayo.

Lala, Mwakio. Mara zote nikiwa askari, sikuwahi kukuona hata mara moja.

Mwadime