Rota Ndani ya Leso

Jumatatu, 5 Novemba 1956

Motokaa ya jirani yetu Chome imeibwa! Ukunda, mchana kweupe. Milango kaifunga, ufunguo anao mfukoni. Fundi ananiambia mwizi hana haja ya ufunguo — anaunga nyaya mbili, huyoo! Na hizi ndizo motokaa za kisasa? Kabati langu lina kufuli bora.

Yangu niliinunua kwa ajili ya binti yangu Mwanasha. Mimba ya kwanza alizalia hapa nyumbani, mtoto tukamzika, na yeye mwenyewe kidogo amfuate. Daktari wa Msambweni amesema safari hii uchungu ukianza tu, apelekwe hospitali. Kutoka Tiwi, motokaa ikiibwa, nitampeleka na nini? Baiskeli?

Jumanne, 6 Novemba

Nimeifunga motokaa kwa mnyororo kwenye mnazi. Mke wangu Mishi amecheka mpaka akakaa chini. Eti Baba Mwanasha, nimletee ng'ombe wako majani?

Cheka tu, mama.

Jumatano, 7 Novemba

Motokaa ya Chome imeonekana Mackinnon Road. Haina magurudumu, haina viti. Masikini, alilia kama mfiwa.

Mkwe wangu Sefu ameukata mnyororo wangu kwa msumeno wa chuma, kunionyesha tu. Dakika nne! Nimekata tamaa kabisa. Amesema, Baba, lililobaki ni rota — kidude cheusi chini ya boneti, kinachogawa moto kwa plagi. Ukikitoa, motokaa haendi nayo mtu. Kinaenea kiganjani.

Nimeitoa. Niiweke wapi? Mfukoni nitaipoteza. Kabatini ndiko wezi wanakoanzia. Mishi akaichukua, akaifunga kwenye pindo la leso yake, kanga anayojitanda. Hapo hata mimi sigusi. Miaka ishirini na sita sijafungua fundo la mke wangu, na ndiyo adabu.

Ijumaa, 9 Novemba

Msiba Shimoni. Amefariki shangazi aliyemlea Mishi. Atakwenda kesho na basi la asubuhi. Mwanasha bado ana wiki mbili, amesema mama nenda.

Nikamwuliza rota je? Akasema ile leso yenye rota ataiacha kambani, yeye atajitanda pacha yake. Ni doti moja — rangi moja, jina moja.

Jumamosi, 10 Novemba

Saa mbili asubuhi. Mishi ameondoka, macho yamemvimba kwa kulia. Nimepapasa leso iliyobaki kambani. Fundo lipo, gumu, la mviringo. Alhamdulillahi. Sikulifungua.

Saa tano. Uchungu umemshika Mwanasha! Nikakimbilia kambani, nikafungua fundo la mke wangu.

Popoo! Popoo anayotafuna na tambuu yake! Kachanganya leso, rota iko Shimoni msibani. Ya Rabi, kwa nini sikufungua asubuhi?

Saa saba. Bi Mbeyu mkunga amefika, amemshika tumbo, akatoka nje kuniambia. Mtoto amekaa vibaya, yeye hathubutu. Basi halirudi mpaka magharibi. Mwenye motokaa mwingine hapa alikuwa Chome. Sefu amesimama barabarani akipunga mikono. Lori limepita, lingine limepita. Nani atasimama wiki hii ya wizi, kwa mtu asiyemjua?

Motokaa yangu iko pale pale chini ya mnazi. Hakuna aliyeigusa.

Saa nane na nusu. Tuko njiani, mbele ya skuli. Mwanasha tumemlaza kiti cha nyuma, Bi Mbeyu kampakata kichwa. Sefu na wanaume watano wanaisukuma motokaa kuelekea Msambweni, mimi nimeshika usukani. Sasa wanapumua, matope yamewafika magotini. Naandika kwa sababu siwezi kugeuka nyuma kumtazama.

Nimemwambia Sefu, mwanangu, hata ukisukuma mpaka Gazi haitawaka. Amesema najua, Baba. Amerudi nyuma kusukuma.

Mwanasha ameniuliza mbona sisikii injini.

Nimemwambia hizi za kisasa hazina kelele.