Kupanga Kurasa Bila Salma

Alhamisi, Novemba 1999. Manyunyu tangu alfajiri.

Leo nimerudi kazini. Juzi wanaume walimbeba Salma kwenda makaburini, mie nikabaki ndani na wanawake, nimemshika mama yake mkono. Hakulia. Aliniuliza tu kama nimekula.

Salma na mie ndio tuliotengeneza mfumo wa kompyuta wa ofisi yetu ya kutoa mizigo bandarini. Yeye alinitangulia kuijua Java, lugha ya kuandikia programu, akanifundisha. Kurasa zote anazoziona mteja tulizitupa kwenye folda moja, tukisema tutapanga baadaye. Zikawa nyingi hadi kutafuta moja ni kazi. Kisha Salma akaanza kuumwa.

Mwezi uliopita nilimfuata kwao Tandika. Nikamwambia nataka kuzigawa: fomu folda yake, orodha folda yake. Akajiinua kwenye mto.

"Shoga, mteja akipiga simu hasemi fomu imeharibika. Anasema mzigo wangu hauonekani. Basi weka folda ya mizigo, ya wateja, ya malipo. Tatizo likija unajua pa kwenda."

Mama yake akasema, "Neema mwanangu, mwache apumzike."

"Mama, tuache tuongee ya kazi. Wengine wote wananiuliza nimemeza dawa."

Tulicheka. Sikujua kama ndiyo mara ya mwisho.

Basi leo nimefanya alivyosema. Nikatengeneza folda zake tatu, na ya nne ya vipande vinavyotumika kila mahali, kama kichwa cha ukurasa. Nikahamisha faili zote, nikawasha seva kuzijaribu.

Hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka.

Nililijua kosa. Kwenye Java tulikuwa tumeandika jina la faili peke yake, na sasa kila jina lilitaka litanguliwe na folda yake. Kurasa nazo zilikuwa zinakitafuta kichwa mahali pa zamani. Nikarekebisha moja baada ya nyingine. Ukurasa wa risiti ndio ulionisumbua, unafunguka ukitoka kwenye kurasa za malipo, unagoma ukitoka kwenye za wateja. Nikageuka nimuulize Salma.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka nikaweza kunawa uso. Niliporudi nikaona: risiti inafunguliwa kutoka sehemu mbili, na mie nilikuwa nimerekebisha moja. Kufika alasiri kila kitu kinafunguka.

Bosi akaja akatazama. "Safi. Hata mgeni ataelewa. Mwenzako mpya, Joseph, anaanza kesho. Atakaa pale, naomba upasafishe."

Pale ni mezani kwa Salma. Chini yake kulikuwa na ndala alizokuwa anavaa miguu ikimvimba. Nimezifunga kwenye mfuko, Jumapili nitampelekea mama yake.

Nina hasira na huyo Joseph, na sijawahi hata kumwona. Atafungua folda ya mizigo, ataona kila kitu kipo mahali pake, atadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Hana kosa. Ametafuta kazi kama sie wote.

Asubuhi nitamsalimia vizuri, nimwonyeshe folda moja moja. Akiuliza nani alizipanga hivi, nitamwambia ni Salma. Naomba tu sauti isinikatike.