Mama, Fuwele Imewaka

Ujerumani, 6 Novemba 2011

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao Recho kutoka huku kwenye baridi. Mgongo unaendeleaje? Na kaka Lusubilo, bado anahangaika na malori hapo mpakani? Nawataja nyote kila ninaposali.

Namshukuru Mungu, kazi yangu imekamilika. Uliwahi kuniuliza natengeneza nini hasa miaka yote hii, nikakujibu vioo tu. Leo nikueleze vizuri. Unajua unavyopanga machungwa sokoni Tunduma, moja likikaa kati ya mengine matatu? Sisi tunapanga hivyo vijipira vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Katikati tunajaza oksidi ya zinki, ambayo yenyewe hutoa mwanga ikimulikwa. Halafu tunachoma vijipira viishe, yabaki matundu yaliyopangana. Hapo ndipo fuwele, yaani hicho kioo chetu, inapoukamata mwanga na kung'aa rangi tuliyoichagua, bila kutiwa rangi hata tone.

Lakini kila nilipoikausha ilipasuka. Nilikata tamaa, nikaanza kufunga mizigo. Marta, mwenzangu wa maabara, aliyarudisha mabegi kabatini akasema nikirudi kwetu nirudi na fuwele mkononi. Tukajaribu tena, tukiikausha polepole chini ya kifuniko. Juma lililopita ikatoka nzima, ikawaka kijani kibichi! Marta alinikumbatia, tukalia sote.

Mama, kaa chini kwanza. Lipo jambo ambalo nilishindwa kukuambia kwenye simu. Mwezi wa sita mwali wa leza, ile taa kali tunayoimulikia fuwele, uligonga chuma ukanirukia jicho la kushoto. Halioni tena. Ndiyo maana katika picha zote nilizokutumia tangu hapo nimegeuka upande. Marta ndiye aliyenikimbiza hospitali, akalala kwenye kiti kando ya kitanda changu, na macho yangu yalipofungwa bandeji akawa ananisomea vipimo vya kazi yetu ili nisibaki nyuma. La kulia ni zima kabisa, madaktari wamenihakikishia. Fuwele niliiona kwa hilo, Mama, na nilishukuru kama mwenye macho kumi.

Usilie sana. Mwambie Lusubilo taratibu, asije akanipigia simu kwa kelele.

Krismasi nakuja na Marta. Anataka kukushukuru kwa kunizaa. Mimi nataka umshukuru yeye. Wasalimie majirani na wenzako wote wa sokoni. Na tukishuka stendi, Mama, niangalie usoni moja kwa moja.

Mwanao akupendaye,
Recho