Kitovu cha Seif na Mji wa Ngano

Baja, Tunisia
Mfunguo Tano 1398

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyengine kwa hayo magoti yako yanayokuuma baridi ikiingia. U mzima? Baba mzima? Mfereji wa falaji hapo Ibra bado unaleta maji, au mshaanza kugombania zamu? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mjukuu wako Seif ananyonya kama aliyekatazwa jana. Mimi nimetoka arobaini, na Bi Zohra, mavyaa wangu, kanilisha uji wa ngano mpaka nimekuwa pipa.

Umeuliza mji huu ukoje. Mji mdogo, Mama, umekaa juu ya kilima, mitaa imebanana, na juu ya minara makorongo yamejenga matundu yao. Chini kote ni ngano, kijani mpaka macho yanachoka. Mvua ya hapa haina adabu. Ikianza inakaa wiki nzima, na matope yake hayatoki viatuni. Watu wake wazito wa maneno, wepesi wa mkate. Mgeni haulizwi atokako mpaka ashibe.

Lakini ngano hiyo hiyo ndiyo iliyowaponza. Bi Zohra anasema kila aliyekuwa na njaa na jeshi alipita hapa. Warumi waliua watu wakachukua maghala. Wakaja Waturuki na ushuru wao, na mwisho Wafaransa. Hata Makhawariji walifika zamani, kiongozi wao kapanda punda, wakauteketeza mji. Hapo nilikunywa chai yangu kimya, maana unajua sisi Maibadhi tunavyotiwa kapu moja na hao. Huku wanaswali mikono chini kama sisi, basi Bi Zohra hajanishtukia.

Sasa nije kwenye lako. Barua yako ilinifika kabla sijajifungua: "Kitovu kikianguka, kikaushe, mpe mwalimu yeyote wa huko anayekuja kusomesha Maskati akilete. Nitakizika mwenyewe chini ya mtende. N'shachoka kuacha vitovu katika nchi za watu." Nilisoma nikalia. Kilipoanguka nilikifunga kwa pamba, nikakitia katika kikopo cha udi. Mume wangu Bashiri, yule yule aliyekuwa mwalimu wenu hapo Ibra, aliniachia mwenyewe. Aliyesema ni mama yake. Kwao kitovu huzikwa shambani, penye ngano, ili mtoto asijue njaa.

"Ana bibi mwengine Ibra," nikamwambia, "na bibi huyo kakiomba."

"Ana haki yake," akajibu. "Ila njoo uone shamba kwanza."

Shamba hilo lilikuwa la baba yake. Mfaransa alilichukua, akamfanya kibarua juu ya ardhi yake mwenyewe. Wafaransa hao waliondoka mwaka ule ule tuliotoka sisi Unguja. Nilidhani nitafurahi kusikia hivyo, lakini moyo ulikataa. Niliwaona akilini wanafunga mizigo kama tulivyofunga sisi, na nikaona haya kuwahurumia mbele ya Bi Zohra.

Pembeni mwa ngano pana kaburi dogo lenye msalaba. Ni la binti wa Mfaransa, alikufa kwa homa. Bi Zohra aliinama akang'oa magugu, akafuta tope kwenye jiwe kwa ncha ya shela yake. Nikamuuliza kwa nini, na baba mtu kawafanyia yale.

"Kazaliwa hapa," akasema. "Mama yake yuko mbali. Nani mwengine atamsafishia?"

Mama, nilikaa pale pale kwenye matope. Nilimkumbuka kaka yangu Seif, tuliyemwacha kaburini Unguja, ambaye mwanangu nimempa jina lake. Kila anayetoka kule unamuuliza kama kaliona kaburi, na wote wanasema hawakupita. Labda yuko mtu anayeng'oa magugu. Labda hayuko. Nililia kwa sauti na Bi Zohra hakunikataza.

Basi kitovu tumekizika pale, mimi na yeye, kwa mikono yetu. Najua ulikuwa unakisubiri. Najua hapo Ibra bado wanatuita Wazanzibari, na ulitaka mmoja wetu awe wa hapo bila ya kuulizwa. Lakini sikutaka kitu cha mwanangu kikae ardhini mahala nisipoweza kwenda kwa miguu yangu. Hali hiyo unaijua kuliko mimi.

Nisalimie Baba, mwambie mjukuu kachukua pua yake. Nisalimie Shangazi Zuwena, aliyenipaka hina ya harusi. Na mdogo wangu Nasra, anayekuandikia na kukusomea: nakujua wewe, usiruke pale pa kitovu. Msomee Mama yote.

Naomba radhi zako, Mama. Ukitaka kukasirika, kasirika. Nitukane kama ulivyozoea, nitalisoma kila neno. Lakini usininyamazie.

Mwanao,
Rahma