Komunyo ya Tamaa

Jumatano, 4 Machi 2026

Jumuiya leo ilikuwa kwa Leonida. Tulikuwa wachache. Mawingu yanazunguka tu, maji hakuna. Tumeandaa Injili ya Jumapili kama kawaida yetu: inasomwa, tunanyamaza, kila mtu anataja neno lililomgusa, inasomwa tena. Zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Na Injili yenyewe ni ipi? Mwanamke Msamaria kisimani!

Nilianza vizuri. Sauti yangu inapendwa, na hapa hakuna wa kuniambia najisifu. Nikafika pale Yesu anapomwambia yule mama kwamba huyu aliye naye sasa si mume wake. Ulimi ukakauka. Hakuna aliyeniangalia, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Wote walikodolea macho kitambaa cha meza cha Leonida.

Kila mtu hapa Suna anajua. Baba yangu alipokea ng'ombe wote wa mahari. Wakuria na Wajaluo wakala pamoja, wazee wakaridhika. Tuna watoto watatu. Lakini kanisani mimi na Jared, baba wa watoto, hatujafunga ndoa, kwa hiyo sipokei Komunyo. Kule kwetu Kuria nilikuwa napokea kila Jumapili, tangu nikiwa msichana. Nilipoolewa nikaacha. Nilidhani ni kwa miezi michache, tujipange. Subira huvuta heri, wanasema. Yangu imevuta mvi.

Zamu yangu ya kushirikisha ilipofika, nilisema nimeguswa na mtungi, jinsi yule mama alivyouacha akakimbilia mjini. Uongo. Neno lililonigusa ni kiu.

Jumapili, 8 Machi

Wakati wa Komunyo najua kazi yangu: navuta magoti pembeni ili wengine wapite. Nimevuta magoti mpaka nawajua watu kwa viatu vyao. Halafu nabaki na ile sala ya sisi tunaobaki kwenye benchi, Komunyo ya tamaa. Unamwambia Yesu aje moyoni maana mdomoni haiwezekani. Aliyeipa jina hilo alinijua.

Jared naye alibaki, upande wa wanaume. Yeye hukaa na kuangalia dari. Mimi siwezi kuangalia dari. Naangalia mikono ya padre.

Baada ya misa, tangazo. Ndoa za pamoja zitakuwa Jumamosi tarehe 11 Aprili. Hakuna keki, hakuna magari, kila mtu aje na nguo yake safi. Majina yamfikie katekista Ondieki kabla ya Ijumaa tarehe 20, kwa sababu lazima yasomwe Jumapili tatu. Na kesho yake, tarehe 12, watoto wa Komunyo ya Kwanza. Irine wetu yumo!

Jumamosi mimi, Jumapili yeye. Tungeenda mbele pamoja. Nimepiga hesabu hiyo njia yote mpaka nyumbani, na ugali nikausonga bila kuuona.

Jumanne, 10 Machi

Nimemwambia. Nilingoja ale, anawe mikono, akae. Alisikiliza mpaka mwisho. Jared si mkali, tatizo lake ni kwamba ni mtulivu.

Jibu ni lile lile. Walter hajafunga kanisani. Walter ni kaka yake mkubwa, na mdogo hampiti mkubwa. Kwao kila kitu kina foleni: kuoa, kujenga, hata kupanda mahindi. Mkubwa anatangulia ndipo mdogo anafuata. Nikamuuliza kama ni chira anaogopa, ile laana ya kuvunja mwiko. Akasema hapana, ni heshima. Walter aliacha shule akalima ili yeye asome ufundi. Leo anachomelea watu mageti na mlo tunapata, na huo ni mkono wa Walter.

Hilo silikatai. Lakini mke wa Walter, Pamela, alirudi kwao zamani na hatarudi. Walter atafunga na nani? Tunamngojea mtu ambaye hana safari.

Nilimwambia hivyo. Akasema, "Nyar Kuria, usimseme kaka yangu." Binti wa Kuria, ndivyo anavyoniita. Akaenda kuangalia kuku.

Jumapili, 15 Machi

Injili ya leo ni kipofu tangu kuzaliwa. Watu walimsikiliza kipofu, mimi nilisikiliza wazazi wake. Wanaulizwa mtoto wao ameponaje, wanajibu muulizeni mwenyewe, ni mtu mzima. Waliogopa kufukuzwa. Mtoto ameona jua kwa mara ya kwanza, na wao wanaogopa majirani!

Nimemkasirikia Jared misa nzima. Nikakumbuka kwamba mimi pia sijawahi kwenda kumwuliza Walter. Tunamtaja kila mwaka na hakuna anayemwuliza. Labda na mimi naogopa.

Nashona magauni ya Komunyo ya watoto wa watu. Meupe, mikono mirefu. La Irine nimelikata mwisho, mwenye cherehani huvaa baadaye.

Alhamisi, 19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, mume. Nimefanya jambo. Nimeenda Kosele, kwao Jared, bila kumwambia.

Nilimwambia naenda kutafuta kitambaa. Si uongo kabisa, nilinunua mita mbili Oyugis. Nikapanda boda mpaka kwa Walter. Alikuwa shambani. Ardhi imelimwa tayari, mbegu bado ziko nyumbani, mvua haijaja. Aliponiona alidhani kuna msiba. Akakimbia kuja kunipokea, na jembe lake mkononi, na mimi nikaona aibu kabla sijafungua mdomo.

Alinipa kiti, akanipa maji. Nikamweleza yote. Ndoa za pamoja, majina, na kwamba siku ya mwisho ni kesho. Sikulia, nilikuwa nimejikataza. Akaegemeza jembe ukutani. Halafu akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema:

"Shemeji, mimi sijamzuia mtu. Jared hajawahi kuniuliza. Ananihurumia, na huruma yake ndiyo inaniuma. Kila mtu akinyamaza mbele yangu, najua wanafikiria Pamela."

Nikasema basi umeruhusu. Akatikisa kichwa. Jambo kama hili, alisema, mtu hamtumi mke wake. Nikajibu sikutumwa. Akasema hilo ndilo baya zaidi. "Mwambie akuje mwenyewe. Ama apige simu, lakini sauti iwe yake."

Alinisindikiza mpaka barabarani. Marehemu mama yao alibatizwa misheni ya Asumbi, akaniambia, na alikuwa akiwapanga mbele ya sanamu kwa sala ya jioni, Walter mbele, Jared nyuma. Alicheka aliposema hivyo. Sijawahi kumsikia akicheka.

Ijumaa, 20 Machi

Nilimwambia Jared asubuhi. Nilidhani atafurahi! Mjinga mimi. Nilimletea mlango wazi, yeye akaona tu kwamba nimeuvunja.

Hakupaza sauti. Alisema nimemvua nguo mbele ya kaka yake. Sasa Walter atadhani hapa nyumbani mwanamke ndiye anayemsemea. Atampigiaje simu leo, siku hiyo hiyo, kama mtoto aliyeshikwa sikio? Akaenda kazini bila chai.

Saa kumi nilienda kwa Ondieki peke yangu. Mpole, lakini sheria ni sheria: jina moja halifungi ndoa. Kuhusu mambo ya mkubwa na mdogo, alisema hata kwao Kisii yapo, si dhambi na pia si kizuizi. Akaongeza kwamba padre anaweza kusamehe yale matangazo ya Jumapili tatu, hata wiki yenyewe ya ndoa, lakini Jared aje kwa miguu yake.

Kila mtu ananiambia aje mwenyewe. Kana kwamba mimi ndiye ninayemficha.

Jumapili, 22 Machi

Lazaro. Na majina yamesomwa. Yetu hayakuwamo, na bado nilisikiliza kila moja kama nangoja muujiza. La Leonida lilikuwamo! Leonida na mzee wake Omondi, ambaye akija misa hulala tangu somo la kwanza. Aligeuka akanitafuta kwa macho. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Nina wivu. Naandika wazi. Ni rafiki yangu, na leo sikutaka kumshika mkono wakati wa amani.

Martha anamwambia Yesu: ungalikuwa hapa, ndugu yangu hangalikufa. Anasema kwa hasira, nina hakika. Padre aliisoma kwa upole, lakini mimi nimewahi kuwa jikoni nikimngoja mtu aliyechelewa. Najua sauti inavyotoka.

Jumapili, 29 Machi

Matawi. Joto. Somo la Mateso refu, nilisimama lote. Jared hajazungumzia Kosele hata mara moja. Tunaongea juu ya chumvi na karo.

Alhamisi Kuu, 2 Aprili

Hii ndiyo misa inayonishinda kila mwaka. Usiku wa kuamkia mateso anakaa mezani nao, anawaosha miguu, anawapa mkate. Hata Yuda alioshwa miguu! Mimi nimekaa benchi la nne.

Nina njaa. Sitafuti neno lingine. Nakumbuka ladha yake, na haina ladha yoyote, karatasi tu, inashika juu ya ulimi, na unarudi mahali pako ukiwa na kitu ambacho hakuna mtu anaweza kukuomba. Natamani kurudi mahali pangu hivyo. Nalia kwa kitu chepesi kuliko sarafu, mwanamke mzima.

Irine alinipa leso yake, hakuuliza. Mvua imeanza tukitoka.

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili

Aleluya. Nimepika kuku na wali. Jared alinisaidia kuchinja, akaniuliza kama shingo bado inauma kwa kushona. Ilikuwa inauma. Nikasema hapana.

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili

Jared amempeleka Irine Kosele, mvua imekubali na lazima wapande. Nilibaki na cherehani na matumaini, sijui kipi kilipiga kelele zaidi.

Wamerudi jioni, matope mpaka magotini. Irine hakunyamaza. Walisimama kando ya shamba wakingoja baba mkubwa atie mbegu za kwanza, ndipo wao wakaruhusiwa. Yeye alitaka kuanza, baba akamshika bega akamweleza: mdogo hampiti mkubwa, ndiyo heshima, ndiyo inashikilia boma. Alisimulia kwa fahari kama amefundishwa siri.

Nikamuuliza Jared kama waliongea. Akasema waliongea juu ya mbolea.

Nilimimina maji ya kuoga, nikamimina mengi kuliko inavyohitajika.

Alhamisi, 9 Aprili

Jioni. Naandika haraka, mambo bado yanaendelea.

Leo watoto walikuwa na kitubio. Irine alirudi kimya. Nikamwita ajaribu gauni kwa mara ya mwisho. Limemkaa vizuri sana, hata kola. Nikamwambia ageuke nifunge vifungo vya mgongoni. Hakugeuka. Akasema hataki kupokea Jumapili.

Nilidhani ni woga. Nilidhani kuna dhambi amekosa kuisema. Akakataa. Mwalimu wao wa katekisimu amewafundisha kwamba Komunyo ni chakula, watu wa nyumba moja wanakaa meza moja. "Sasa nitakula aje na nyinyi hamjakula? Mdogo hapiti mkubwa."

Nikamwambia mimi nilikula zamani, nikiwa kama yeye, kwetu Kuria. Akafikiri kidogo. "Lakini saa hii hupokei. Nitawangoja."

Jared alikuwa mlangoni akivua viatu. Sikujua amefika. Akamuuliza ni nani amemfundisha maneno hayo, na mimi nikaogopa atasema ni mimi nimemtuma. Irine alimgeukia. Hakuwa na ubishi hata kidogo, alijibu kama anavyojibu darasani:

"Ni wewe, baba. Kosele."

Jared alicheka kidogo. Akaanza kumweleza kwamba hapana, shamba ni shamba, mambo ya kanisa ni tofauti, kanisani mtu hamngojei—

Hakumaliza. Alisimama pale na kiatu kimoja mkononi. Mimi nilishika kile kitambaa cheupe na sikusema neno, Mungu ni shahidi wangu, ingawa nilikuwa nayo mengi. Irine akamwuliza, "Hamngojei nani, baba?" Akavaa kiatu tena, akatoka.

Sasa yuko nje, karibu na banda la kuku. Namsikia kupitia dirishani. Anapiga simu. Mara ya kwanza haikushika. Anapiga tena.

"Owadwa," anasema. Ndugu yangu. Halafu kikohozi. "Adwaro penji wach." Anataka kumwuliza jambo. Dholuo changu kinatosha kwa hilo.

Anataja kanisa, anataja Jumamosi. Walter anaongea muda mrefu, sauti yake haifiki huku. Jared anasema ee, ee. Ameinamisha kichwa. Kesho ni Ijumaa, Ondieki anafungua ofisi saa mbili, na padre sijui kama atakubali sasa, sijui. Irine amekaa kitandani na gauni lake, mgongo wazi, bado haruhusu nifunge.

Jared amegeuka kuelekea dirishani. Hajakata simu, ameifunika kwa kiganja. Ananiita.

"Nyar Kuria, kuja. Anasema anataka kuongea na wewe kwanza."