Ndoano ya Ishirini na Tano

Jumanne, 9 Juni

Kwako Baba,

Shikamoo, na unisamehe. Miezi miwili bila barua si adabu, na najua kila dereva wa karakana akija kuchukua kazi yako unamuuliza kama mwanao bado anajua kuandika. Anajua, ila amechoka. Hujambo wewe? Macho je, na mgongo? Sisi wazima, na ningetamani kuishia hapo.

Mjukuu wako, Bwana Mdogo, ametimiza miezi minane na anatambaa. Alhamisi nilivaa lile shati lako la kazi, ninaloshinda nalo tangu nijifungue, nikakaa kufunga vile vyambo ulivyonifundisha, vya kuvulia samaki trauti, vinavyoiga mdudu wa mtoni anayeishi siku moja. Mkia wa nyuzi tatu, mwili mwembamba, kisha unyoya wa shingo ya jogoo nikauzungusha usimame, chambo kielee juu ya maji. Mtoto alinikatiza mara sita. Pakiti ina ndoano ishirini na tano. Nilipomaliza nikahesabu vyambo: ishirini na vinne. Jiliwa linalobana ndoano ni tupu, pakiti tupu. Ndoano moja haipo, Baba, nayo ni ndogo kama punje ya mchele.

Nimefagia mara nne. Nimepapasa sakafu kwa viganja. Nimechambua nepi kama mchimba dhahabu. Baba mtoto akacheka, akasema nimehesabu vibaya. Ijumaa nikampeleka mtoto hospitali akapigwa picha. Koo safi, tumbo safi. Ningefurahi, lakini kama haimo ndani yake basi iko nje inamsubiri. Na analia. Nikimuweka begani anatulia kidogo, halafu anapiga yowe kama amechomwa, na hapo nimemshika kwa mikono yangu miwili na sioni kitu.

Umefunga vyambo miaka thelathini na mimi nilitambaa chini ya meza yako. Zilizopotea zilikuwa zinakwenda wapi? Simu na masikio yako havipatani, kwa hiyo mpe dereva jibu.

Mwanao


Alhamisi, 11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata ukiwa umepinda. Mimi sijambo, macho yanajikongoja.

Ndoano hupotea, ndiyo kazi yenyewe. Angalia kwenye pindo la suruali ya mumeo, angalia nyayo za viatu. Mtoto analia kwa ajili ya meno. Wewe ulilia mwaka mzima, majirani wakafikiria kuhama. Usijitie hofu, maziwa yatakauka. Mpakate, mbembeleze, atanyamaza.

Baba yako


Ijumaa, 12 Juni

Mwanangu,

Barua ya jana ichane. Dereva ameshaondoka nayo, na nilijua ninachokuficha tangu nilipoifunga bahasha.

Ukiwa umeshika ndoano tupu na mtoto akalia, unaiweka wapi? Usinijibu, najua. Unaichomeka chini ya kola, upande wa kushoto, halafu unamkimbilia. Hujui kama unafanya hivyo. Mkono unafanya wenyewe. Hata mimi hakuna aliyenifunza, na wewe sikukufunza; ulikuwa na miaka kumi na miwili nilipokuona mezani unafanya vilevile, nikanyamaza. Niliona fahari, mjinga mimi.

Marehemu mama yako alikuwa akinikagua kola mlangoni kila jioni kabla ya kunipa nikubebe. Mimi nilikuwa namwita polisi. Siku moja hakuwepo. Lile kovu chini ya jicho lako, tulilokuambia ni la tetekuwanga, si la tetekuwanga. Ni la ndoano ya kola yangu; upana wa kucha tu ulibaki ifike jichoni.

Hilo shati nililokupa, livue sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Na usimbebe kabla hujalivua.

Baba yako


Jumanne, 16 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua zako mbili zimefika pamoja jana. Nilisoma ya kwanza, nikajicheka, nikambeba kama ulivyosema. Ya pili nimeifungua akiwa amelala begani kwangu, bega la kushoto, shavu juu ya kola. Shati nilikuwa nimelivaa.

Nilipofika penye neno "kola" sikuthubutu kugeuza shingo. Nilihisi pumzi yake. Nilijua kila akivuta pumzi uso wake unasogea kidogo. Jirani alikuwa anaanika nguo nje ya dirisha. Nikamwita kwa kunong'ona, na yule mama hanong'onezwi, akauliza kwa sauti kama nimeona nyoka. Nikamwambia, "Dada, mnyanyue kwenda juu. Juu tu, usimvute pembeni."

Akaingia, akamnyanyua. Mtoto hata hakuamka.

Chini ya kola zilikuwepo mbili. Ya kwanza yangu, mpya, inang'aa. Ya pili kubwa kuliko zangu, imejificha kwenye bitana, ina kutu. Hiyo ni yako, Baba. Miezi minane nimemlaza mwanangu juu yake. Nyuma ya sikio ana mikwaruzo mitatu niliyodhani ni ya kucha zake. Nimekuwa nikimkata kucha kila siku, maskini. Nesi amesafisha, amekagua kadi, sindano zake zimetimia. Anacheka. Mimi sasa napapasa kola ya kila nguo kabla ya kumbeba.

Kovu nimekusamehe. Ile siku moja ya uongo, ya barua ya Alhamisi, bado, ila nitaisamehe ukija. Kazi siachi.

Dereva akirudi nitumie ile sumaku iliyo kwenye droo yako. Vizibo viwili vya chupa, kimoja cha kuchomeka ndoano tupu nikikatizwa, kingine cha akiba. Uzi mwembamba wa kijani, rili mbili. Manyoya ya shingo ya jogoo, ya kijivu, yasipungue ishirini. Na kola za mashati yako yote, zikiwa zimekatwa, nizihesabu mwenyewe. Kola tu. Mashati baki nayo, utayavaa ukija kumbeba.

Mwanao, mama yake