Picha Tuliyoizomea Mwakitolyo

Ibadakuli, Jumapili asubuhi

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Bibi yako hajambo, ila mguu unamsumbua. Mahindi yamekauka.

Unauliza kwa nini filamu iliyopondwa na wahakiki zamani leo inasifiwa. Nimefungua shajara yangu ya ujana, nilipochimba dhahabu Mwakitolyo. Kwenye kibanda cha video tulionyeshwa picha ya wanawake waliokaa kimya juu ya shimo lililowafukia waume zao. Tukapiga kelele, "Peleka mbele! Hata ngumi hakuna!" Kaka yangu Masanja akamtania mwenye kibanda, "Baba Neema, umetuletea msiba?" Tukacheka. Shajarani niliandika, "Picha mbovu. Haina kitu."

Miezi mitatu baadaye, duara, yaani shimo tulilokuwa tukichimba, lilimfukia Masanja. Nilikaa juu ya shimo hilo na shemeji, mke wake, siku nne. Sitaandika zaidi.

Baada ya mazishi nilimwomba Baba Neema ile picha. Akaiweka tena. Safari hii niliogopa wale wanawake wasije wakainuka na kuwaacha waume zao chini.

Sikufuta maneno ya kwanza. Niliandika mengine chini yake, nikatia tarehe. Kwa hiyo usiwacheke wahakiki wa zamani, wala wa leo. Mimi nimekuwa wote wawili, na kati yao kuna kaburi moja.

Babu yako